Jua Halisomi Ratiba

Mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anayetaka kuzimaliza kilomita zake 42 na ushei akiwa bado anakumbuka jina lake hana budi kufanya mazoezi marefu Desemba, Januari na Februari yenyewe. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ndiyo miezi ya kaskazi, ambapo mtu akitoka kuoga hujifuta maji, kisha hujifuta jasho, asijue taulo limefanya kazi ipi kati ya hizo mbili. Hakuna aliyepanga tarehe hiyo kwa kuwakomoa watu wa Pwani. Tatizo huanza pale mkimbiaji wetu anapoingia kwenye intaneti na kupakua ratiba ya wiki 16 aliyotungiwa mtu mwingine kabisa, mtu anayejiandaa na mbio za London za mwezi wa Aprili, ambaye Januari yake ina glovu, kofia ya sufu na mafua. Ratiba inasema: Jumapili, kilomita 30, kila kilomita kwa dakika sita. Naye anaibeba ilivyo hadi Barabara ya Bagamoyo, tena saa mbili kasoro asubuhi, kwa sababu chai ilichelewa kuiva.

Mikasa inayofuata inajulikana mtaani. Kuna anayetapikia mtaroni mbele ya waumini wanaoelekea ibada ya pili. Kuna anayerudi kwa bajaji bila senti mfukoni, akamwachia dereva simu rehani getini huku akitafuta nauli ndani. Kuna anayetembea wiki nzima kama cowboy wa sinema, kwa kuwa alidhani mafuta ya mgando ni ya watoto wachanga, na mapaja yakamfundisha vingine. Wote hao hulilaumu jua. Nadai kwamba jua halina kosa, kwani lilikuwepo kabla ya ratiba na halijawahi kuficha tabia yake. Kosa ni ile namba ya dakika sita. Kwenye joto, mwendo na kilomita ni vipimo vya kuazima. Kinachotufaa ni kuhesabu muda na kusikiliza pumzi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Misuli ya binadamu inatumia kama robo tu ya nishati yake kusukuma mwili mbele, pengine pungufu ya hapo, na inayobaki yote hugeuka joto. Chukua mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita kumi kwa saa. Anachoma takriban kilokalori 700 katika saa hiyo, na zaidi ya 500 kati ya hizo zinatafuta pa kutokea. Njia kuu ya kutokea ni jasho, na lita moja ya jasho ikikauka huondoka na kilokalori 580 hivi. Maana yake anahitaji karibu lita moja kila saa, lakini iliyokauka, si iliyodondoka. Hapo ndipo Dar es Salaam inapomgeuka. Hewa ya Pwani imekwisha kushiba unyevu, haina nafasi ya kupokea jasho la mtu mwingine. Jasho linatiririka hadi ndani ya raba, linapiga kelele kila hatua kama chura, na halipozi chochote. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi ipoe, na kwenye miguu ikimbie, na damu ni ileile. Kwa mwendo uleule wa London mapigo yanapanda yenyewe kilomita baada ya kilomita, hadi mazoezi yaliyoandikwa “mepesi” yanakuwa mashindano ambayo mshindani wake pekee ni mwenye nayo.

Mwenye kutaka ushahidi mkubwa zaidi ya Barabara ya Bagamoyo atazame Doha mwaka 2019. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na saa sita usiku ili kulikwepa jua, na bado joto lilizidi nyuzi 32 na unyevu ulikuwa mkali. Walianza wanariadha 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Bingwa wa dunia alipunguza mwendo kwa zaidi ya dakika 15 na akavishwa dhahabu. Mhasibu wa Sinza hataki kupunguza hata sekunde kumi, kwa sababu ratiba imesema.

Mbio za Olimpiki za St. Louis, mwaka 1904, zilikuwa mbaya zaidi, na za kuchekesha zaidi. Zilianza alasiri ya Agosti, kwenye barabara za vumbi, na maji yakawa adimu kwa makusudi, maana mwandaaji mkuu, James Sullivan, alitaka kuona mwili unaonyimwa maji utafanya nini. Mwili ulimjibu. Kati ya watu 32 walioanza walimaliza 14. Fred Lorz alishikwa na misuli, akapanda gari, gari likaharibika, akashuka na kukimbia hadi uwanjani, akashangiliwa kama mshindi mpaka ukweli ulipojulikana. Thomas Hicks, aliyepewa ushindi kihalali, alisukumwa hadi mwisho kwa brandi, ute wa yai na strikinini, ambayo ni sumu ya panya. Félix Carvajal wa Kuba alikula matofaa njiani, tumbo likamsokota, akajilaza akapata usingizi, kisha akaamka na kushika nafasi ya nne. Mtu alilala na bado akawa wa nne! Sijui hoja gani nyingine ya kupunguza mwendo juani inaweza kuipita hiyo.

Nitajibiwa kwamba mwili unazoea. Ni kweli, na wala si kidogo. Siku kumi hadi kumi na nne za mazoezi ya joto zinaongeza majimaji ya damu, zinafanya jasho lianze mapema na zinapunguza chumvi inayopotea, ile inayochora ramani nyeupe mgongoni mwa jezi. Lakini mwili unazoea kwa kukaa kwenye joto muda wa kutosha, si kwa kuangushwa nalo, na dakika tisini za mwendo wa polepole zinaufundisha bila kuhitaji mashahidi. Nitaambiwa pia kwamba Wakenya wanakimbia Afrika hiihii na hawalalamiki. Iten iko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na vijana wake wanaonekana barabarani alfajiri wakiwa na majaketi. Wanaolitaja jua la Iten wengi wameliona kwenye picha. Na yule mzee atakayesema kwamba babu zetu walilima juani kutwa bila saa za mkononi, namwomba akumbuke vizuri: babu alishika jembe kabla kuku hawajashuka, na jua lilipokuwa kali alikuwa chini ya mwembe. Babu ni shahidi wangu.

Wapo wanaokubali yote haya lakini wanadhani dawa ni kunywa maji mengi, kisha wanakimbia kwa mwendo uleule na tumbo linalochezacheza. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 mwishoni mwa Boston Marathon ya 2002 walikuta asilimia 13 yao chumvi ya damu imeshuka mno, hasa wale waliokunywa hadi wakaongezeka uzito mbioni. Kunywa ukisikia kiu. Dafu la njiani lina nafasi yake ya heshima, lakini halifuti kosa la mwendo. Kuhusu bwana anayekimbia mchana ndani ya jaketi la nailoni ili “akate mafuta”, anakata maji tu, na yatarudi yote kwenye chupa ya kwanza ya soda.

Nadhani pingamizi lenye nguvu ni moja tu, na watu hawalitamki: aibu. Anayepunguza mwendo ataulizwa na vijana wa bodaboda kama anadaiwa au amekata tamaa, na programu ya simu itawatangazia marafiki wote kwamba leo kilomita imechukua dakika saba na nusu. Siwezi kuwanyamazisha bodaboda. Ila nitamtaja mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu na ile Septemba 2025, alipoiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia, kwenye joto la Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, dakika nne na ushei zaidi ya alizotumia Boston Aprili ya mwaka huo. Alijibanza kwenye kundi karibu njia nzima, akaacha wenye haraka waendelee na haraka zao, kisha akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde mlangoni pa ushindi. Hatujasikia mtu akimuuliza kwa nini alichelewa.

Kwa hiyo, ndugu mkimbiaji, futa ile namba ya dakika sita na uandike muda: saa mbili, kwa pumzi inayokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Ukiona mwenzako anapepesuka na kujibu maswali kwa majibu ya maswali mengine, usimcheke. Mwondoe juani, mmwagie maji baridi mwili mzima na umwite daktari, kwa kuwa kiharusi cha joto kinaua. Toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Na ukichelewa kuamka, usitoke, rudi ulale.