Nyuma ya Simba Kuna Nini?

Mtaani kwetu habari ikishamfikia fundi viatu imewafikia wote, na iliyomfikia ni kwamba mimi nanunua hela za zamani. Tangu hapo naletewa kila kitu cha duara: washa za trekta, medali za mbio za shule, vifuniko vya soda vilivyopondwa na gari. Mama mmoja alinijia na kitufe cha koti la askari, akaapa kuwa ni pesa ya Mjerumani, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa haruhusu mtu kukigusa.

Ninaye pia dalali wangu wa Kariakoo, kijana ambaye hajawahi kushika sarafu ikawa ya kawaida. Siku moja alinipigia simu alfajiri.

"Bosi, nimepata rupia. Ina simba!"

Simba peke yake hatoshi. Rupia za mwanzo za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza kutolewa 1890, upande mmoja zina Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma yenye tai utosini, upande wa pili ngao yenye simba na mti wa makuti. Mwingereza naye, alipoleta shilingi yake 1921, akaweka simba, ila huyu amesimama mbele ya milima. Ukijua hilo unaweza kumtambua mkoloni kwa simu. Nikauliza kitaalamu kabisa:

"Nyuma ya simba kuna nini?"

Kimya. Nikasikia anaigeuzageuza.

"Bosi, nyuma ya simba kuna mkia."

Akaja nayo mwenyewe, kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai. Palikuwa na Malkia Elizabeth na taji lake. Rupia ikawa imekufa hapohapo, lakini dalali mzuri hazikwi na bidhaa yake.

"Basi ni shilingi ya Malkia. Imeandikwa shilingi, soma."

"Toa kidole gumba."

Akakitoa taratibu. Ikasomeka nusu shilingi, yaani sumni, ambayo wazee wetu walinunulia mkate. Nikamweleza kwamba shilingi nzima ya Afrika Mashariki yenye Malkia haikuwahi kutengenezwa. Ya mwisho ilikuwa ya baba yake, Mfalme George wa Sita.

"Haikuwahi kutengenezwa?" Macho yakamtoka. "Ndiyo maana bei yake iko juu, bosi."

Kinachotugombanisha zaidi ni mwaka. Aliwahi kuniletea fedha nene ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, ile iliyotembea na wafanyabiashara wa pwani yetu, Uhabeshi na Uarabuni, akaanza na bei ya kiwanja Kigamboni kwa kuwa imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780. Mama huyo alifariki mwaka huo, na kwa kuwa wateja wa huku walikuwa hawataki sura nyingine, Vienna waliendelea kuzipiga kwa tarehe ileile, na mpaka leo wanazipiga. London na Bombay nazo ziliwahi kuzitengeneza. Wanaojua hutazama kifungo cha begani na manyoya ya mkia wa tai. Dalali wangu hutazama uso wa mnunuzi.

Safari nyingine ikawa pesa ya shaba ya Zanzibar, yenye picha ya mizani, ya Sultani Barghash. Tarakimu ni za Kiarabu, kwa hiyo alipita kwanza kwa ustadhi wa madrasa akasomewa 1299.

"Bosi! Kabla ya Vasco da Gama!"

Nikamwambia hiyo ni Hijria. Kwa kalenda ya ukutani ni 1882. Akafikiri kidogo, akaniangalia kwa huruma ya mtu aliye tayari kupunguza. "Basi tusivutane. Iwe 1600."

Niliinunua, maana ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na ile rangi ya kahawia iliyokolea, ambayo shaba huipata kwa miaka na ambayo mkusanyaji huithamini kuliko maandishi yenyewe. Nikaiweka sebuleni kwenye kisahani. Wiki hiyohiyo mama mkwe akashuka kutoka Korogwe.

Mama mkwe ni mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na jogoo wa Dar es Salaam huchelewa. Nilipotoka chumbani nilimkuta uani, mbele yake limau lililokatwa, jivu, na ule uzi wa chuma wa kusugulia masufuria. Pesa ya Barghash inawaka kama bangili ya bibi harusi. Mizani imebaki nguzo. Sahani moja imekwenda na jivu.

"Baba, nimekuta hela yako imeoza," akasema kwa upole. "Nimekusaidia."

Sasa mtu unamwambia nini mama mkwe? Nilisema, "Ahsante sana, mama." Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani haraka kwenda kucheka. Jioni yake mama mkwe akaniuliza kama zipo nyingine.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, yeye amesoma. Alisikia kwamba Mfalme Edward wa Nane aliacha kiti kwa ajili ya mwanamke, na kwamba hakukaa hata mwaka. Akaja na senti kumi yake ya 1936 yenye tundu katikati na jina la huyo Edward, akataja bei ya mbuzi wawili. Hadithi ni kweli yote. Tatizo ni kwamba sarafu zenye tundu hazikuhitaji kichwa cha mfalme, kwa hiyo zilipigwa mapema na kwa wingi, na ndizo zinazopatikana kirahisi kuliko nyingi za wakati ule. Nikamtolea kopo la maziwa lililojaa. Akalichungulia, akanichungulia na mimi.

"Kumbe wewe ndiye unayezificha."

Nikaona nipumzike na mambo ya wafalme, nikusanye za sasa, ambazo hazina dalali. Pale dukani kwa Mangi nikaanza kukagua chenji: mia yenye Nyerere na swala, jero ya 2014 yenye Karume na nyati, na hasa mia mbili ya kwanza, ya 1998, isiyo na mkwaruzo. Naigeuza, naielekeza kwenye taa, natazama ukingo. Foleni nyuma inaguna. Mangi akavumilia wiki nzima, kisha akauliza mbele ya watu kama nimewahi kupewa hela feki dukani kwake. Nikamwambia hapana, napenda tu kuzitazama. Hakuamini. Siku hizi nikimpa elfu kumi anaiinua juani, anaikwangua kwa ukucha, anamwita mkewe naye aione, na mkate wangu unabaki upande wake wa kaunta mpaka wakubaliane.