Paka Wawili Wanatafuta Ghala

Barua ya uhamisho ilipofika nilimshukuru Mungu, nikacheza kidogo palepale ofisini, halafu nikakumbuka kuwa nina paka wawili. Nilikuwa naenda Dodoma, chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba alishasema kwenye simu: "Hapa sitaki kuku, sitaki mbwa, sitaki paka. Wewe mwenyewe bado nakufikiria."

Mbasa nilimpa jina la yule samaki wa Ziwa Nyasa anayepanda mito kwenda kutaga kisha akarudi ziwani, maana naye alizoea kupotea siku tatu na kurudi bila maelezo. Kakao ni mweusi ti, kama punje ya kakao iliyochachushwa ikakaushwa. Sikutaka wapate makao tu, nilitaka wapate mapenzi. Nikaandaa daftari la usaili. Swali la kwanza: "Una upendo?"

Wa kwanza kufika alikuwa mkulima wa mpunga. Kabla sijafungua daftari, akaniwahi:

"Mwalimu, wanakamata panya?"

Kule bondeni Kyela hilo ni swali la haki. Mchele wa Kyela ukipikwa jirani anajua. Sasa panya mwenye pua yake afanyeje? Masika yakikolea na mito ikamwaga maji mashambani, panya nao huhamia ndani, palipo na magunia. Paka kule ni mwajiriwa. Wangu, niseme ukweli, niliwastaafisha wangali vijana. Walikula usipa wa kuchemsha, asubuhi na jioni, nimeshautoa vichwa. Panya akikatiza sebuleni, Mbasa alimtazama kama mtu anayepisha mgeni wa baba.

"Wanajifunza," nikasema.

"Wana umri gani?"

"Miaka minne."

Akaaga kwa heshima. Akafuata mama mmoja, akamwona Kakao, akarudi nyuma hatua mbili. "Huyo mweusi, Mwalimu, nikikutana naye usiku nitakimbilia wapi?"

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo sijui lilitoka wapi: Matema! Ufukweni kule usipa unaanikwa hadharani, milima ya Livingstone imesimama nyuma kama pazia. Kama paka wana pepo, ni ile. Jumamosi nikawatia kwenye tenga, nikapanda haisi. Nikamkuta mvuvi kakaa kando ya chanja lake. Akachungulia tenga, akatazama chanja, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nimekukosea nini?"

Tukarudi. Haisi ya kurudi ilikuwa imesheheni usipa mkavu, na mimi, msomi, nikaliweka tenga juu ya viroba. Mwanzo walilia njia nzima. Kisha wakanyamaza. Nikasema, afadhali, wamelala. Mwenye mtoto mdogo anajua ukimya wa namna ile maana yake nini.

"Ticha, hawa abiria wako wanakula mzigo!" konda akapiga kelele.

Mfuniko ulikuwa wazi. Mbasa alikuwa ndani ya kiroba hadi mkiani. Nililipa nauli ya paka wawili na sado mbili za usipa, huku gari zima likinishauri. Mzee mmoja akanikumbusha kuwa paka wa nyumba haingwa.

"Siwafukuzi, mzee wangu. Nawaoza."

"Basi mahari ndiyo hiyo wanayotafuna."

Mwenye kiroba alikuwa bibi mmoja wa karibu na Ipinda. Alipokea pesa yake, akaihesabu mara mbili, kisha akasema, "Nipe mimi."

Nikatoa daftari. "Bibi, una upendo?"

"Nina ghala," akajibu. "Limejaa panya. Lakini unisikie vizuri, mwanangu. Kwangu paka anakula panya. Usipa ni wa watu."

Nilishuka naye Ipinda, nikaliacha tenga mlangoni pa ghala, nikashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo," nikiwa nimegeuza uso. Usiku ule nilichemsha usipa kwa mazoea, nikaula peke yangu. Vichwa sikutoa.

Nilikuwa na mwezi mmoja Dodoma simu ilipoita.

"Mwalimu, huko sado ya usipa shilingi ngapi?"

"Huku usipa ni wa kutafuta kwa tochi, Bibi. Kwani vipi?"

"Huku umepanda bei. Sijui tutakula nini."

"Tutakula? Wewe na nani? Si panya wapo?"

Kimya. Kwa mbali nikasikia mlio ninaoufahamu, ule wa anayeona sahani inachelewa.

"Panya wapo tele ghalani," akasema mwishowe, akishusha sauti asisikike na mhusika. "Ila huyu mweusi hataki kuingia. Anasema kuna giza."