Namna ya Kulea Mianzi Mpaka Ikuhamishe

Pemba haina shida ya kuotesha kitu. Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja. Kwa hiyo kama una kibustani Wete au Chake Chake na unaona maisha yamekuwa mepesi mno, panda mianzi.

Kwanza, usiulize ni aina gani. Ukiuliza utaambiwa kwamba ile minene ya manjano yenye michirizi ya kijani huota kwa kichaka, ikatanuka pole pole. Ile myembamba ya mapambo, yenye asili ya China na Japani, ndiyo inayopita chini kwa chini na kuibukia upande wa pili wa ukuta. Mtu akijua hayo atachagua, na akichagua ameharibu mchezo. Wewe chukua wowote wenye jani zuri, uupande dhiraa moja kutoka ua wa jirani, karibu na karo la choo.

Mwaka wa kwanza utaona kimya. Tia samadi, lalamika kwamba haukui. Masika yakija, chipukizi litatoka ardhini na unene wake wote. Halinenepi tena, hurefuka tu, na kwa miezi michache limemaliza kazi. Siku za mwanzo limevaa maganda yenye vinyweleo vinavyowasha, na ni bichi kiasi cha kuvunjika kwa teke la kandambili. Usilipige. Teke hilo ndilo dawa yenyewe ya mianzi, tena bure, na dawa ya bure nani anaiamini? Ngoja mwakani, litakapotaka shoka, mtaimbo na vijana wanne wa kulishwa.

Ukilazimika kukata, kata katikati ya pingili, ubakishe kikombe. Mvua itakijaza na mbu watakuombea dua. Wanaokata juu tu ya fundo hukosa fadhila hiyo.

Wapo pia wenye pupa wanaochimba mtaro wa nusu mita kuzunguka kichaka, wakauacha wazi na kukata kila kinachovuka. Kwa kuwa mizizi mingi ya mianzi hukaa juu juu, wanafaulu. Achana nao.

Sasa jirani. Huyu ni bi mkubwa aliyeanika karafuu kwenye jamvi, nazo zinataka siku kadhaa za jua kali. Kuanzia saa nane mchana mianzi yako inampa kivuli ambacho hakukiomba, na majani makavu juu yake. Ameinama anayachambua moja moja, maana ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hununua kwa daraja, na karafuu yenye takataka hushuka. Atakuita kwa upole:

“Mwanangu, miti yako imefika jikoni kwangu. Niipakulie?”

Mwamkie, mwambie inshaallah baada ya mvua. Jibu hilo linatosha miaka miwili, mpaka kwa sheha.

Kichaka kikishakuwa kizito, watu wataanza kunong’ona kwamba kina mwenyewe. Siku utakayokuta yai na ubani pale chini, hesabu umepumzika: hakuna kibarua atakayegusa panga.

Ipo na njia ya wenye subira. Mianzi mingi hutoa maua mara moja, kisha hufa. Aina moja ya Japani huchanua kila baada ya miaka 120 hivi. Ilifanya hivyo miaka ya 1960, basi subiri miaka ya 2080.

Ukiona ni mbali, kata yote kiangazi, na kila chipukizi litakalotoka livunje siku hiyo hiyo, miaka miwili au mitatu, mpaka akiba ya chini iishe. Usimwage dizeli, kisima kiko hapo hapo. Miti iliyopita miaka mitatu imekomaa, inafaa kwa wigo na vichanja. Na tafadhali anzia upande wa bi mkubwa, kabla ya msimu wa karafuu.