Sifa za un- na Ukoo Wake

Watu husifu mvua na mshahara. Leo nami naomba kuvisifu viambishi awali vya ukanushi vya Kiingereza: un-, in-, dis- na jamaa zao, ambavyo wanafunzi huvilaani kila wakutanapo na swali la "andika kinyume cha maneno yafuatayo". Vinaonewa bure.

Kwanza, vinaajiri watu. Kiswahili kilimaliza kazi mapema mno: si- ni yangu, hu- ni yako, ha- ya waliobaki, geuza irabu ya mwisho, umeshakana. Anasoma, hasomi. Sasa mwalimu wa tuisheni ale wapi? Kiingereza kina huruma. "Happy" inataka un-, "honest" inataka dis-, "patient" inataka im-. Mtoto akijipa moyo kwamba penye r huwekwa ir-, kwa kuwa "regular" ilikubali, analetewa "reliable", nayo inataka un-. Hapo mzazi anaingiza mkono mfukoni.

Pili, vinafundisha historia bila kitabu cha historia. Un- ni mzawa, alifika Uingereza na lugha ya Waanglo-Saksoni. In- ni Mlatini. Wengi wa ukoo wake waliingia na Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. A- ya "atheist" ni Mgiriki. Tena Mlatini huyo ana adabu za mgeni: mbele ya p anajiita im-, mbele ya l anajiita il-, mbele ya r anajiita ir-. Un-, mwenye nyumba, hambadilikii mtu. Mwanafunzi anayekariri vinyume anakariri nani alimteka nani, na hajui.

Tatu, vinawashusha wajuaji. "Infamous" si mtu asiyejulikana. Anajulikana sana, kwa ubaya. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyokadirika. Na "inflammable", iliyoandikwa kwa rangi nyekundu nyuma ya lori la petroli, haisemi kwamba mzigo haushiki moto. Unashika vizuri sana, kwa sababu in- hiyo si ya kukana, ni ya "ndani". Utingo aliyeegemea tangi hilo na sigara mkononi huenda alipata maksi zote za vinyume darasani. Huko Marekani, chama cha kinga ya moto kilianza miaka ya 1920 kuhimiza watu waandike "flammable", wakiharibu mtihani mzuri kwa kisingizio cha kuokoa maisha.

Nne, vinalinda uhuru. Katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, watawala wanalifuta neno "bad" na kuweka "ungood", ili raia wapungukiwe maneno ya kulalamikia. Umeona? Kinapotawala kiambishi kimoja, pana udikteta. Vinapogombana saba, pana demokrasia, na sifuri za kutosha kila mtu.

Kwa hiyo mtoto aliyeandika "unpossible" akakoseshwa kwa kalamu nyekundu asikate tamaa. William Tyndale aliliandika neno hilohilo katika Agano Jipya alilolitafsiri mwaka 1526, na wasomaji wake walimwelewa. Mtoto hajakosea, amechelewa tu kufanya mtihani, kwa miaka kama mia tano.