Kocha, Naomba Dakika Moja

Jamani, nyie wenye watoto wanaocheza mpira, huwa mnaongeaje na makocha wao? Mimi huku Kiloleli nimenyoosha mikono. Dogo wangu yuko timu ya shule, wanajinoa kwa mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA. Yanaanzia kata, wilaya, mkoa, ndipo taifa. Mimi nishajiona Bariadi mkoani, jukwaani, na miwani.

Basi mechi na shule jirani. Wale wakarusha mpira kwa mkono, kitoto chao kiko peke yake na golikipa, goli. Nikaruka: "Kocha! Ofsaidi hiyo! Umelala?" Kocha hata hakugeuka. Akageuka mtoto wa darasa la nne, muwa mdomoni: "Babu, mpira wa kurusha hauna kuotea." Babu! Mimi! Watu wakacheka, muuza karanga akasahau na chenji yangu. Eti ni sheria namba 11, dunia nzima iko hivyo. Sasa nani alinitangazia?

Filimbi ya mwisho tu, nikamvaa kocha, ndiye ticha wao. Salamu nikairuka. Kwa nini mwanangu anapangwa namba tatu wakati ukoo wetu ni namba tisa watupu? Akanijibu kwa upole, na upole ndio ulioniuma: "Mzee, tumefungwa, wote tuna hasira. Njoo kesho jioni mazoezini, tukae na kijana mwenyewe." Kijana mwenyewe anatazama vidole vya miguu, kama vile hanijui.

Kesho yake nikatinga na shati la Krismasi. Nimejipanga kwa maswali. Ticha akaniwahi: "Dogo anatumia mguu upi?" Nikasema yote. "Anapenda kucheza wapi?" Mbele. Akamgeukia dogo. Dogo kwa sauti ya chini: "Namba tatu. Niliomba mwenyewe. Mguu wa kushoto." Mtoto nakula naye sahani moja, kumbe wa mashoto! Mama yake anajua. Mbuzi wanajua.

Nikasubiri kocha aniombe radhi. Wapi. Akasema nikiwa na neno nije siku ya mazoezi, mechini nishangilie tu, upangaji wa timu nimwachie yeye. Ila kuna kitu naweza kusaidia: dogo anacheza na njumu za kuazima.

Nikakohoa. Hela ya pamba haijatoka, nyie mnajua. Nikamuuliza swali la kistaarabu kabisa, akabaki kunikodolea macho, na mpaka leo hajanijibu: njumu za namba tatu si ndio bei rahisi kuliko za namba tisa?