Nywila Iko Steshenari

Siku hizi hata anayeomba udereva serikalini sharti apitie Ajira Portal: namba ya kitambulisho cha NIDA, vyeti vilivyoskaniwa, barua iliyosainiwa. Basi Mmatengo anayechimba mashimo ya ngolo mteremkoni ili mvua isimpokonye udongo hupanda bodaboda hadi steshenari, Mbinga mjini. Kijana wa pale humfungulia akaunti, humtungia nywila, kisha humwandikia kwenye wasifu: "Ana ujuzi wa kompyuta." Mjuzi mwenyewe yuko kwenye benchi, kofia mapajani. Mafunzo? Anapewa: "Usiguse hapo, mzee."

Usaili ukitangazwa, aitwe yule kijana. Nywila za mtaa mzima anazo yeye. Nanyi wenye kozi za kompyuta, kabla ya vyeti vya kutundika ukutani, mfundisheni mtu kushika kipanya na kufungua akaunti yake mwenyewe.