Namna ya Kusubiri Ndege Awasi, Mji Usio na Uwanja wa Ndege

Ndege ya Kisumu hadi Nairobi hukaa angani dakika 45 hivi. Basi la usiku hula usiku wenyewe. Saa unazookoa kwa kulipa nauli ya ndege haziendi bure. Lazima zitumike mahali fulani, na kwa msafiri anayetoka Kericho au Muhoroni, mahali hapo ni Awasi.

Hali yenyewe ni hii. Umeamka alfajiri uwahi ndege ya saa nane mchana. Matatu imeteremka kutoka Kericho, joto la uwanda wa Kano limekupokea, unavua sweta, na simu inalia. Ni ujumbe wa shirika: ndege yako sasa itaondoka saa mbili usiku, tunaomba radhi kwa usumbufu. Unaweza kuendelea kilomita 40 na zaidi hadi uwanjani, ukaketi kwenye kiti cha chuma ukinywa kikombe cha chai kwa bei ya kuku. Au unaweza kusema, "Dere, nishukishe hapa Awasi." Mwongozo huu umeandikiwa msafiri wa aina ya pili.

Usione haya. Abiria wa ndege kukwama pande hizi ni mila ya kale na ya heshima. Shirika la ndege la Imperial Airways lilifungua safari zake za Afrika mwaka 1931, ndege zenye kuelea zikawa zinatua ziwani Kisumu. Njia ilipofika Cape Town mwaka 1932, waungwana waliotoka London walishuka hapo Kisumu wakahamia ndege ya magurudumu. Safari nzima iliwachukua kama siku 11, na usiku ukiingia walilala ardhini, hotelini. Walivaa suti na kofia. Nawe basi subiri kwa adabu.

Kwanza mzigo. Sanduku la magurudumu lilibuniwa kwa ajili ya sakafu, na mbunifu hakupita Kano. Udongo wa huku ni mweusi, na mvua ikiugusa tu hushika kila kilichoukanyaga na kukataa kuachilia. Hatua chache kutoka barabarani magurudumu yatagoma, sanduku lipate uzito mpya ambao shirika litakutoza baadaye. Usishindane na udongo. Nunua soda kwenye kibanda na umwachie mwenye kibanda mzigo; ukinunua soda ya pili, mzigo umekatiwa bima. Kama umevaa raba nyeupe, agana nazo.

Sasa chakula, na hapa usiwe na haraka, maana ndicho kitu pekee katika siku yako ambacho hakijaahirishwa. Tafuta hoteli yenye pazia mlangoni na mtungi wa maji wenye bomba pembeni. Agiza samaki, ngege mzima. Ukitaka kujua asili yake, uliza kwa upole, "Mama, huyu ni wa ziwa?" Kwa upole, kwa sababu samaki wa barafu kutoka China ameuzwa kwa miaka katika masoko ya Kisumu, mbele ya ziwa lenyewe, na hilo ni donda. Mama akikujibu, "Mwanangu, kula kwanza," usiulize tena. Kama ni Mchina, kumbuka kwamba naye yuko safarini, na ametoka mbali kukuzidi.

Samaki huletwa amelala sahani nzima, mkia ukining'inia nje. Osha mikono. Ukiomba uma utapewa, ila utapewa pamoja na macho ya hoteli yote. Anzia mgongoni, ambako nyama hutoka kwa vipande vinene, ushuke tumboni pole pole kwenye miiba midogo, kisha mgeuze. Shavu liweke la mwisho. Ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba na ndicho kitamu kuliko vyote. Anayeacha kichwa sahanini akitangaza kwamba ameshiba amejitambulisha kwamba ni mtu wa Nairobi. Harufu ya vidoleni haitaondoka. Sabuni haitafua dafu, na ndimu itapunguza tu makali, kwa hiyo jirani yako ndani ya ndege atajua ulichokula kabla hajajua jina lako.

Utalii upo. Keti kwenye benchi la upande wa kivuli utazame trekta zinazovuta matrela ya miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa Miwani, katika uwanda huu huu, mwaka 1922, kwa hiyo onyesho hili lina miaka mia na zaidi na halina kiingilio. Kilele chake ni mtoto anayekimbia nyuma ya trela na kuchomoa muwa mmoja bila kupunguza mwendo. Wewe una cheo na kitambi, usijaribu.

Mzee atakuja kuketi kando yako. Msalimie: "Amosi, jaduong'." Atakuuliza unatoka wapi, kisha wewe ni wa nani, kisha kwa maoni yako nani atashinda uchaguzi. Jibu maswali mawili ya mwanzo. Na usitaje ndege kabisa. Vijana wa bodaboda wana masikio, na nauli ya mtu anayesafiri kwa ndege haifanani na ya wengine. Isitoshe, mzee atataka kujua kwa nini mwenye pesa za ndege ameketi Awasi tangu asubuhi, na swali hilo halina jibu la maana.

Kuondoka ni hesabu. Ndege ni ya saa mbili usiku, barabara ni ya saa moja tu, kwa hiyo ondoka saa tisa. Makanga atakuapia kwamba amebakisha mmoja tu. Ni kweli. Kila anapoingia huyo mmoja, mwingine hushuka kununua mahindi ya kuchoma. Ukipanda Probox utaondoka mapema zaidi, lakini jiandae kushirikiana paja na mtu usiyemjua. Gari litasimama Ahero muda wa kutosha kununua mchele, litakwama Nyamasaria, kisha mvua ya jioni ianguke wakati huna mwavuli na bado hujavuka mji, maana uwanja uko upande wa pili, njia ya Busia.

Ukinunua miwa ya kusafiri nayo, ikatwe vipande na muuzaji. Kisu hakitapita kwenye mtambo wa ukaguzi. Mchele unapita. Ukiulizwa kama ulifunga mzigo wako mwenyewe, sema ndiyo, hata kama fundo lile kwenye mfuko limefungwa na mama wa Ahero kupitia dirisha la gari lililokwisha kuanza kuondoka.